Mlango uliofungwa kwa kufuli: mtoto mwenye usonji na safari ya huduma Njombe

Saa kumi na moja alfajiri Makambako huwa imeshaamka. Malori ya kwenda Tunduma na Zambia yananguruma kwenye barabara kuu, mabasi ya Songea yanakata kona kuelekea Njombe, na kinamama wenye ndoo za viazi vya kuchemsha na chupa za chai wanawahi abiria stendi. Baridi ni kali, lakini biashara haisubiri jua.

Mchukulie mama mmoja kati ya hao. Kabla ya kutoka amemwachia mwanawe wa miaka sita bakuli la uji. Amemwekea pia vifuniko vya chupa za soda, maana mtoto huyo anaweza kuvipanga mstari mmoja asubuhi nzima bila kuchoka. Kisha amefunga mlango kwa kufuli. Saa nne atarudi kumlisha, atamsafisha, atafunga tena.

Mtoto haongei. Akiitwa jina hageuki. Akisikia honi ya lori huziba masikio na kukimbia, na hachagui upande wa kukimbilia.

Majirani wanasema mama anamficha mtoto kwa aibu. Mama mkwe anasema tatizo litaisha lenyewe: "Mwanangu, hata baba yake alichelewa kusema. Subiri tu." Wengine wananong'ona kuwa mtoto amechezewa. Mama akiulizwa, jibu lake ni fupi: "Nikimwacha nje, barabara itamchukua. Nikikaa naye ndani, tutakula nini?"

Mama huyu si mtu mmoja. Ni sura ya wazazi wengi wa Makambako, Njombe mjini, Wanging'ombe, Makete na Ludewa ambao wana mtoto ambaye ubongo wake unafanya kazi tofauti na wa watoto wengine. Kufuli lake linaeleza jambo ambalo mara nyingi tunalikosea. Tunaona unyanyapaa tu, tukasema wazazi hawa hawana upendo au hawana elimu. Lakini nyuma ya mlango ule upo pia umaskini, upo umbali, na upo ukosefu wa mtu wa kukaa na mtoto kwa saa nne tu.

Ni hali gani hizi?

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtoto huzaliwa nayo, au dalili zake hujitokeza katika miaka ya mwanzo ya uhai. Huathiri namna mtoto anavyowasiliana, anavyochangamana na watu, na anavyopokea sauti, mwanga, mguso na harufu. Yupo mwenye usonji asiyesema neno hata moja, na yupo anayeongea vizuri, anayefaulu hesabu, lakini hawezi kuvumilia kelele za darasa wala kuelewa utani wa wenzake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu karibu 890,000 mkoani Njombe. Kama uwiano huo wa dunia ungekuwa sawa na wa hapa, mkoa huu ungekuwa na watu wapatao 7,000 wenye usonji, watoto na watu wazima. Hiyo ni hesabu ya makadirio, si idadi iliyohesabiwa nyumba kwa nyumba. Lakini inatosha kumfanya mzazi ajue kuwa hayuko peke yake, hata kama mtaani kwake hajawahi kumwona mtoto mwingine wa aina hiyo.

Usonji si hali pekee. Yupo mtoto asiyetulia, anayeanza jambo na kuliacha, anayejibu kabla swali halijaisha, anayepoteza kalamu kila siku. Si kila mtoto mtundu ana tatizo. Ila hali hiyo ikionekana nyumbani na shuleni pia, ikadumu miezi mingi na kumzuia kujifunza, huenda ni hali ya kitabibu inayohitaji msaada, wala si ukaidi. Yupo pia mtoto ambaye ukimsimulia hadithi anaielewa na kuirudia vizuri, lakini mbele ya ubao herufi zinamkataa. Huyo anaweza kuwa na ugumu wa kujifunza kusoma, na akili yake ikawa timamu kabisa.

Hali hizi hazisababishwi na laana, kulogwa, chanjo, wala malezi mabaya ya mama. Kurithi kuna nafasi kubwa, na matatizo mengine wakati wa ujauzito na kujifungua yanaweza kuongeza uwezekano. Hakuna sindano wala dawa ya kienyeji inayoondoa usonji. Kinachosaidia ni kugundua mapema, kumfundisha mtoto kwa njia anayoielewa, na kutibu matatizo yanayoambatana nao. Kwa mfano, kifafa huwapata zaidi watoto wenye usonji kuliko watoto wengine, na kifafa kina dawa.

Maneno yanayofunga milango

Kabla mzazi hajafika hospitali, ameshakutana na maneno. Zezeta. Taahira. Mtoto wa laana. Mtoto aliyetolewa kafara ili baba apate mali. Maneno haya yanasemwa kisimani, sokoni, kwenye vikundi vya kukopeshana, na wakati mwingine hata kwenye benchi la kliniki.

Matokeo yake yanaonekana. Mama anaacha kumpeleka mtoto kanisani au msikitini kwa sababu akipiga kelele watu wote hugeuka. Anaacha kwenda kwenye kikao cha kikundi. Baba anaanza kulala nje, kisha anahama kabisa, akisema kwao hakuna watoto wa namna hiyo. Dada wa mtoto anaambiwa hataolewa. Mzazi anapopata nafasi ya kwenda kwa daktari, anaficha nusu ya historia kwa kuogopa kuhukumiwa, na daktari anabaki kubahatisha.

Fedha nazo zinakwenda njia isiyo yake. Familia iliyouza mbao au magunia ya viazi inaweza kumaliza akiba kwa waganga na kwa safari za kutafuta miujiza, na inapofika hospitali haina hata nauli ya kurudi. Imani ya familia si kosa. Anayetaka kuombewa aombewe. Kosa ni pale maombi au mganga anapochukua nafasi ya kliniki, au pale mtoto anapochanjwa chale, kufungwa kamba au kunyimwa chakula ili "kitu kimtoke".

Njombe ina sababu ya pekee ya kuelewa jambo hili. Mkoa huu umeishi na unyanyapaa wa aina nyingine kwa miaka mingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima wa Njombe kuwa asilimia 12.7, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Wazee wa hapa wanakumbuka wakati mgonjwa alipofichwa chumba cha nyuma na sahani yake kutengwa.

Watu hawakubadilika kwa kuhubiriwa tu. Walibadilika zaidi dawa zilipoanza kupatikana karibu, walipomwona jirani aliyekuwa kitandani akirudi shambani, na waliopimwa waliposimama kusema, "Mimi ninaishi nayo." Huduma ilipokaribia, aibu ilianza kupungua. Jambo hilohilo linawezekana kwa mtoto asiyeitika jina lake. Lakini ni vigumu kumwambia mzazi aache kumficha mtoto kama hakuna mahali pa kumpeleka akishamtoa nje.

Kilomita, nauli na siku ya kazi

Mzazi wa Makambako anayeambiwa "nenda hospitali kubwa" ana njia kadhaa, na kila moja ina bei yake. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Njombe iko umbali wa kilomita zipatazo 60. Ikibidi kupanda ngazi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, inayopokea rufaa za Nyanda za Juu Kusini, iko takriban kilomita 170 upande wa pili. Muhimbili na wataalamu wake wa afya ya akili ya watoto wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600.

Kilomita hizo si sawa kwa kila mtu. Mfanyabiashara wa mbao au mkulima mkubwa wa parachichi humweka mtoto kwenye gari lake, hulala kwa ndugu Dar es Salaam, na huweza kulipia shule binafsi yenye walimu wa elimu maalumu. Mama wa stendi anahitaji nauli ya watu wawili, chakula cha njiani, na mahali pa kulala. Siku mbili za safari ni siku mbili bila mauzo. Na safari yenyewe ni mtihani: mtoto anayeogopa kelele anaingizwa ndani ya Coaster iliyojaa, muziki juu, kondakta anapiga bati. Akianza kulia na kujipiga kichwa, abiria wanamwambia mama amchape.

Wa Ludewa na Makete wana mlima mwingine. Barabara za vijijini huko wakati wa masika hutelezesha hata pikipiki, na mgonjwa asiyetoka damu wala kuwa na homa hachukuliwi kuwa mgonjwa wa kumsafirisha.

Tatizo jingine ni wataalamu. Hali hizi zinahitaji timu: daktari wa watoto au wa afya ya akili, mtaalamu wa tiba kazi anayemfundisha mtoto kula, kuvaa na kutulia, mtaalamu wa tiba ya usemi, na mwalimu wa elimu maalumu. Kwa miaka mingi wataalamu wa tiba kazi nchini wamekuwa wakiandaliwa KCMC mjini Moshi, na walimu wengi wa elimu maalumu wamepitia Chuo cha Patandi mkoani Arusha. Wanaohitimu ni wachache kuliko mahitaji, na wengi hubaki kwenye miji mikubwa. Hata shule ya umma inayotajwa zaidi kwa kuwa na kitengo cha watoto wenye usonji, Msimbazi Mseto, iko Dar es Salaam.

Hata hivyo mkoa hauko mikono mitupu. Wilayani Wanging'ombe kipo kituo cha Inuka, chini ya Jimbo Katoliki la Njombe, ambacho kwa miaka mingi kimefanya kazi ya utengamao kwa watoto wenye ulemavu kwa mtindo wa kushirikisha familia na jamii. Zipo pia hospitali za mashirika ya dini ambazo watu wa huku wamezizoea, kama Ilembula na Ikonda. Mzazi asipite kituo kilicho karibu akidhani msaada uko Dar es Salaam pekee. Aulize kwanza huduma ipi inatolewa, siku gani, na kwa gharama gani.

Darasani: kiti cha nyuma na fimbo

Mlango wa pili unaofungwa ni wa shule. Kila mwisho wa mwaka, wakati wa uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza, wapo wazazi wanaomwacha nyumbani mtoto mmoja kati ya watoto wao. Wengine wameshajaribu wakaambiwa, "Mama, huyu tumrudishe kwanza, akikua kidogo mlete." Mwaka ujao wanaambiwa hivyohivyo.

Elimu bila ada ilianza mwaka 2016 kwa shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne. Ada ilipoondoka, wengi waliamini kikwazo kimeondoka. Lakini kwa mtoto huyu ada haikuwa kikwazo kikubwa. Kikwazo ni darasa lenye wanafunzi wengi na mwalimu mmoja ambaye hakuwahi kufundishwa namna ya kumsaidia mtoto anayekimbia nje kengele ikilia. Mwalimu huyo si adui. Naye ameachwa peke yake.

Upande wa pili wapo watoto walioandikishwa lakini hawaonekani. Mtoto mwenye ugumu wa kusoma anakaa dawati la nyuma, ananakili ubao bila kujua alichoandika, anafika darasa la nne akiwa hajui kusoma, kuandika wala kuhesabu. Jina lake ni mvivu. Yule asiyetulia jina lake ni mkorofi, na fimbo ndiyo dawa yake. Wasichana hupotea kirahisi zaidi, kwa sababu msichana mkimya anayekaa peke yake husifiwa kuwa ana adabu.

Kuhusu fimbo, mzazi anapaswa kujua kanuni. Kanuni za nchi zinaruhusu adhabu ya viboko shuleni kwa masharti: itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu. Mwalimu yeyote anayemchapa mtoto kwa sababu hajajua herufi yuko nje ya kanuni hizo. Na kwa mtoto ambaye ubongo wake haupokei maelekezo marefu, kiboko hakimfundishi kitu zaidi ya kuiogopa shule.

Sheria nyingine ziko upande wa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu au hali yake ya afya. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya elimu na huduma za afya sawa na wengine, na inataka ziwepo kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Upo pia mkakati wa taifa wa elimu jumuishi. Karatasi hizi hazitampa mtoto mwalimu kesho asubuhi, lakini zinampa mzazi maneno ya kusema anapoambiwa "mrudishe".

Asiyeonekana hahesabiwi

Hapa ndipo mambo mawili, unyanyapaa na kukosa usawa, yanaposhikana mikono.

Mtoto anafungiwa ndani kwa sababu hakuna huduma. Kwa kuwa yuko ndani, mwenyekiti wa mtaa hamjui, shule haina jina lake, zahanati haijamwona tangu chanjo ya mwisho. Halmashauri inapopanga bajeti inauliza: watoto wenye usonji ni wangapi? Jibu linakuwa wawili au watatu. Kwa watoto watatu nani ataajiri mtaalamu? Huduma haiji. Mtoto anaendelea kufungiwa. Na jirani anaendelea kusema, "Anamficha."

Mnyororo huu unaweza kukatwa mahali popote, na pengine mahali rahisi zaidi ni pale ambapo watoto wote hukutana: kliniki ya mama na mtoto na siku za lishe.

Njombe inajua namna ya kuwatafuta watoto. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 uliikuta karibu nusu ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wakiwa na udumavu, mkoa unaolima mahindi, viazi, maharage na matunda tele. Tangu hapo lishe imekuwa ajenda ya kila kikao. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapita kwenye kaya, na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hukutanisha wazazi kupima uzito na urefu wa watoto.

Kwenye foleni ileile ya mzani yanaweza kuongezwa maswali manne: Mtoto akiitwa anageuka? Anaonyesha kitu kwa kidole? Anasema maneno mangapi? Kuna jambo alilokuwa akilifanya ameliacha? Maswali hayo hayahitaji mashine wala umeme. Tayari serikali ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inayolenga watoto hadi miaka minane. Kinachotakiwa ni swali kuulizwa, jibu kuandikwa, na mtoto mwenye dalili kupewa rufaa badala ya mama kuambiwa, "Atakua tu."

Mzazi aanzie wapi?

Tazama dalili mapema. Onana na mhudumu wa afya bila kusubiri ikiwa mtoto:

- amefikisha mwaka mmoja hageuki akiitwa jina, habwabwaji wala haonyeshi kwa kidole au kupunga mkono;
- amefikisha miezi 16 hana hata neno moja;
- amefikisha miaka miwili haunganishi maneno mawili, kama "mama njoo";
- alikuwa anaongea au anacheka na watu kisha akaacha, katika umri wowote.

Dalili moja si hukumu. Wapo watoto wanaochelewa kisha wakafika. Lakini kumpima mtoto ambaye baadaye ataonekana mzima hakuna hasara, ila kumchelewesha anayehitaji msaada kuna hasara kubwa.

Anza na masikio. Mtoto asiyeitika anaweza kuwa hasikii. Omba apimwe usikivu kabla ya kitu kingine.

Andika na urekodi. Nunua daftari dogo. Andika alianza kukaa, kutembea na kusema lini, kama aliwahi kupata degedege au homa kali, na mambo yanayomkasirisha. Kama una simu ya kurekodi, chukua video fupi ya anavyocheza na anavyolia. Daktari anaonana na mtoto kwa dakika chache, na video itamwonyesha yale ambayo mtoto hatayafanya mbele yake. Usiitume kwenye makundi ya WhatsApp.

Fuata ngazi na uombe karatasi. Zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali, kisha rufaa. Omba barua ya rufaa kila hatua. Kama nauli au gharama ni tatizo, onana na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au wa hospitali kabla ya kukata tamaa. Kazi yake ni pamoja na kukuelekeza kwenye msamaha au msaada unaostahili.

Mwandikishe shule. Akikataliwa, uliza kwa upole sababu, kisha nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri. Waulize ni shule gani ina kitengo au mwalimu wa elimu maalumu. Hakikisha pia mtendaji wa mtaa au kijiji ana jina la mtoto wako.

Mfundishe nyumbani kila siku. Shuka chini mpaka macho yenu yalingane. Tumia maneno machache: "Vaa sweta," si hotuba nzima. Mwonyeshe kwa picha au kwa kitu chenyewe kinachofuata: kikombe maana yake chai, ndoo maana yake kuoga. Ratiba isibadilike ovyo. Kama anapenda kupanga vifuniko, kaa naye upange pia, umpe kimoja kimoja, usubiri anyooshe mkono au atoe sauti ya kuomba. Kuchambua maharage, kuhesabu viazi na kukunja nguo ni masomo. Akifanya jambo jema, msifu papo hapo.

Linda usalama wake. Mtoto anayetoroka mshonee namba ya simu ndani ya sweta. Wajulishe bodaboda wa kijiwe cha karibu, wenye maduka na mjumbe: huyu ni wa nyumba fulani, mkimwona barabarani msimkemee, mshikeni taratibu mnipigie.

Usibebe peke yako. Akina baba, mtoto huyu ana ubini wako, naye anakutazama. Wazazi watatu wenye watoto wa namna hii wakikutana, wanaweza kupeana zamu: leo huyu anabaki na watoto, wawili wanakwenda sokoni. Wakiwa kumi, mwenyekiti wa mtaa hawezi tena kusema hawajui.

Jirani naye ana zamu yake

Inawezekana unayesoma huna mtoto mwenye usonji. Lakini bila shaka unaishi karibu na mlango kama ule wa Makambako. Salamu ya huku ni "Kamwene", na salamu hiyo haichagui mtu. Mgeukie mama yule, msalimie pamoja na mtoto wake, hata kama mtoto hataitika. Usimuulize alikosea nini. Muulize anarudi saa ngapi kutoka stendi, na kama unaweza kukaa na mtoto hadi hapo.

Saa nne za jirani hazichukui nafasi ya mtaalamu wa tiba kazi, wala hazifuti wajibu wa halmashauri kumleta mtaalamu huyo karibu. Lakini zinatosha mama kumpeleka mtoto kliniki siku ya Jumanne badala ya kuahirisha tena. Zinatosha jina la mtoto kuandikwa kwenye daftari la zahanati na la shule. Na siku jina hilo litakapoandikwa, kwa mara ya kwanza mpangaji wa bajeti hataweza kusema mtoto huyo hayupo.